Ahera Hakuna Soketi

9 Februari

Mume wangu mdogo,

Pokea salamu za bibi yako, ambaye hajambo kuanzia magotini kwenda juu. Magoti yenyewe yana habari zao, tuyaache. Mama yako mzima. Wamemhamishia dirisha la mbele pale posta, na sasa anakwenda kazini na viatu vinavyombana kwa sababu dirisha la mbele, anasema, lina heshima yake. Mimi bado nashona mapazia. Nina kazi ya shule nzima, kitambaa cha kijani kisichopendeza hata kidogo, lakini watoto hawaendi shule kutazama mapazia. Mke mwenza wangu umempata, au bado unajifulia soksi?

Sasa neno lenyewe.

Juzi alikuja Babu Mdogo. Unamjua mdogo wake babu yako: alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, na ingawa amestaafu zamani, bado anamtazama kila mtu kana kwamba amepunja. Alikunywa chai, akasimama mbele ya rafu ya santuri za marehemu babu yako, akachomoa moja. Ni ile yenye fuvu lililovaa miwani ya jua.

"Shemeji," akaniambia, "unajua hizi zinaimba nini?"

"Zinaimba mapenzi."

"Nani kasema?"

"Mume wangu."

Akaigeuza ile santuri nyuma na mbele kama mzigo wa kupima. Kisha akasema, "Hizi ni nyimbo za roki. Zinaimba kifo. Zinaimba moto. Mtu hawezi kuusikiliza moto maisha yake yote halafu akaenda kukaa penye baridi." Ameapa kwamba siku tutakapokutana kuweka jiwe kaburini, mwanzoni mwa Julai, atakuja na maboksi azipeleke jalalani, ili kaka yake apumzike.

Ningembishia kwa lipi? Lugha ile siijui. Babu yako aliiokota kwenye vitabu vya mitambo ya lifti alizokuwa akitengeneza, na mimi wakati huo nilikuwa na cherehani yangu. Lakini wewe ulikuwa mwenzake. Tangu ukiwa mtoto mlikuwa mnakaa sakafuni mbele ya ile mashine ya santuri kama watu wanaoota moto, na sasa unaishi na hiyo lugha huko uliko. Niandikie basi: nyimbo hizi zinasema nini kuhusu huko wanakokwenda watu? Anza na ule unaoanza kwa kengele, aliokuwa akiupiga kila akitoka kazini.

Usinipigie simu. Kwenye simu utacheka, nami nitacheka, na hatutafika.

Nyumba iko kimya mno.

Mkeo mkubwa,
Bibi

---

2 Machi

Mchumba wangu wa tangu na tangu,

Barua yako imenikuta mzima. Hapa ukumbini kazi ni ileile: wanamuziki wanapanda jukwaani, mimi nabaki nyuma na nyaya zangu. Sauti ikiwa nzuri wanapigiwa makofi wao, ikiwa mbaya nazomewa mimi. Soksi najifulia. Mama ameniambia taa ya chumba chako cha kushonea haizimwi siku hizi. Unalala wapi, Bibi?

Umeuliza habari za ahera ya roki, na hapo umefika penyewe. Mimi na babu tuliichunguza ahera hiyo kuliko watu walioajiriwa kuichunguza. Haya, nishike mkono nikutembeze.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba watu wa roki wakifa hawapumziki. Sijui nani aliwaambia kifo ni safari, nao wakalibeba neno hilo kama lilivyo. Huyu kapanda treni, yule kapanda pikipiki, mwingine anaendesha lori lisiloisha mafuta kwenye barabara isiyo na polisi, na wimbo unakwisha kabla hajafika. Nimesikiliza sana, Bibi. Hafiki mtu. Babu jambo hili lilimuudhi hasa. "Wote hawa wanakwenda juu," alikuwa akisema, "na hakuna hata maiti mmoja aliyefikiria kupanda lifti!" Alilichukua kama dharau kwa kazi yake.

Motoni kwao ni mahali pa joto penye marafiki wengi. Mwenyeji wao, Ibilisi, ana gitaa zuri ila hapati zamu ya kulipiga, maana kila anayeingia kaja na lake. Babu alimwonea huruma. Alisema hakuna unyonge kama kuwa mwenye nyumba halafu ukaombe nafasi sebuleni kwako. Peponi nako kuna utulivu, na utulivu ndio unaowatia hofu watu hawa. Yupo malaika mmoja anayemwomba mpiga ngoma apunguze mkono, na mpiga ngoma anauliza kwa adabu kama upande wa pili kuna chumba.

Na ule wimbo wa kasi, uliokuwa ukikufanya ufunge mlango wa chumba cha cherehani? Huo ni maiti wa makaburi mazima wameitisha kikao kulalamikia makelele ya walio hai hapo juu. Mwenyekiti ana kichwa lakini hana mwili, katibu ana mwili lakini hana kichwa, na ndiyo maana kikao hakimaliziki.

Cheka, nasi tulicheka mpaka babu akafuta machozi kwa kofia. Lakini niseme kweli, Bibi, ninawaheshimu watu hawa. Kuna mahali ambapo sisi wengine tukipataja tunashusha sauti. Wao wanaingia hapo na vikuza sauti. Mtu anayemtania mauti usoni, tena kwa sauti ya kuamsha mtaa, huyo si mtu wa moto. Huyo ni jasiri. Mwambie Babu Mdogo hivyo.

Msalimie mama na viatu vyake.

Mumeo mdogo

---

20 Machi

Mume wangu mdogo,

Barua nimeipata, afya ipo. Mapazia ya kijani yamekwisha, nimeanza meupe ya hoteli, na weupe huo unanifanya nioshe mikono kama daktari. Mama yako amesalimu amri, amenunua viatu vingine.

Nimemsomea Babu Mdogo ulichoandika. Tulipofika kwenye kile kikao cha makaburi alicheka, akajigundua, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi. Halafu akasema, "Hiyo ni jumla. Mimi nataka kipimo." Nia yake iko palepale. Maboksi ameshayatafuta.

Nami nina langu. Nilikuomba wimbo mmoja, umenipa zote isipokuwa huo. Mtu akiulizwa mbuzi yuko wapi akaanza kusifu zizi, ujue mbuzi keshaliwa.

Nikwambie alivyonieleza babu yako mwenyewe. Ule wa kasi aliniambia unamsifu mwanamke anayeshona. Na siku niliyounguza chakula, wimbo uleule ukawa unasema kwamba ladha ya moshi ndiyo ladha ya mapenzi. Kwa hiyo usidhani nilikuwa mjinga. Nilijua ananichezea, na nilipenda kuchezewa. Lakini ule wa kengele hakuubadilisha hata siku moja. Alisema ni mtu aliye safarini. Anabisha hodi mlango wa kwanza, anaambiwa karibu, anakataa. Anabisha mlango wa pili penye raha zote, anaambiwa karibu, anakataa tena. Kisa? Mkewe hayumo. Mwisho anakaa njiani kumngoja.

Ndivyo unavyosema, au sivyo? Jibu la neno moja linanitosha.

Umeniuliza nalala wapi. Nalala usiku.

Bibi

---

11 Mei

Bibi mpenzi,

Samahani kwa kuchelewa. Ukumbi umefungwa mitambo mipya na tumekuwa tukilala na nyaya shingoni. Nimekutumia ndani ya bahasha hii sindano mpya ya mashine ya santuri, kwa maana ile ya zamani imechoka na itazikwaruza. Ichomoe ya zamani polepole, isukume hii mpaka ilie "tik".

Kuhusu wimbo wa kengele, ulielezwa na mtu aliyeujua kuliko mimi. Sina la kuongeza.

Magoti yanasemaje?

Mjukuu wako

---

28 Mei

Mjukuu,

Hukuniita mchumba, nami sikuiti mume. Tuko sawa. Sindano nimeipokea na imelia "tik". Magoti yanasema yamesikia salamu zako na hayakuridhika.

Ijumaa mlango ulibishwa. Nikafungua, nikamkuta mwanamke wa makamo, nadhifu, amevaa viatu visivyotoa sauti. Akasema ni muuguzi mkuu katika ile hospitali kubwa. Alikuwa amesikia kwa mafundi wa pale kwamba fundi lifti wao wa zamani amefariki, naye kaja kutoa pole kwa sababu alikuwa hajawahi kutoa asante. Nikamkaribisha ndani. Hata kabla hajakaa akaiona ile rafu, akasema, "Kumbe ni kweli alikuwa nazo."

Nikuelezee alivyonieleza.

Wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa akimsukuma mzee mmoja kwenye kitanda cha magurudumu kumpeleka kupasuliwa. Lifti ikakwama katikati ya ghorofa na ghorofa, taa zikazimika. Kisha ikaporomoka kidogo kwa kishindo, ikashika tena. Yule mzee akamkamata mkono akamwuliza, "Binti, tumeshakufa?" Naye alikuwa analia.

Ndipo waliposikia hatua juu ya vichwa vyao. Kifuniko cha juu kikafunguka, na babu yako akaingia miguu kwanza, tochi mdomoni. Wenzake walikuwa wakimpigia kelele asiingie, breki si ya kuaminika. Wao walikuwa wakiizungusha lifti kwa mkono kutoka juu, na wangeweza kuifanya kazi hiyo bila yeye kuwemo ndani. Hakuna aliyemtuma, na hapakuwa na kitu cha kutengeneza mle ndani. Aliingia tu, ili wasiwe peke yao.

"Tumeshakufa?" yule mzee akamwuliza na yeye.

"Kama tumekufa, mzee wangu, basi una bahati umekufa na mimi," babu yako akamjibu. "Habari za huko ninazo zote."

Akakaa sakafuni, akaanza kugonga ukuta wa lifti kwa spana: ngo, ngo, ngo. Kengele. Akaimba kwa lugha yao, na kila mstari akawaeleza. Kumbe yule msafiri ni marehemu! Kafika motoni na gitaa mgongoni, bawabu kamwambia makelele wanayo ya kutosha, apande juu. Kafika peponi, bawabu wa huko kamwambia aingie yeye, gitaa alitupe. Naye anauliza jambo moja tu, soketi iko wapi achomeke kikuza sauti chake. Hakuna soketi juu, hakuna soketi chini. Yule mzee alicheka mpaka kitanda kikatembea, na babu yako akamwonya, "Cheka polepole, mzee, lifti hii inavutwa na watu wenye njaa."

Lifti ikainuka kabla wimbo haujaisha. Mzee wa watu akaingizwa chumba cha upasuaji huku anauliza, "Soketi alipata?" Kesho yake babu yako alikwenda wodini baada ya kazi kumpa jibu. Akaenda tena, na tena, kwa sababu yule mzee hakuwa na mtu wa kumtembelea, mpaka alipofariki. Jioni hizo, mjukuu wangu, chakula chake kilikuwa kinapoa mezani na mimi nimenuna. Aliniambia kuna kazi ya ziada.

Huyu binti wa uuguzi siku moja akamwambia pale wodini, "Mkeo lazima anacheka kutwa." Babu yako akamjibu: "Mke wangu hajui. Kila asubuhi ananiaga naingia kwenye kazi ya mashimo ya lifti, na kila jioni anatazama mlango. Akijua kwamba hata nikirudi naimba habari za kufa, hatapata usingizi. Kwangu nyimbo zote ni za mapenzi."

Mgeni wangu alidhani mpaka sasa nitakuwa nimeshajua. Alipoona uso wangu akaweka kikombe chini.

Nilikasirika, sikufichi. Watu baki wakapewa ukweli, mimi nikapewa mapenzi. Kitambaa cha hoteli nilikishona kombo, nikafumua, nikakishona kombo tena. Kisha nikakumbuka vile nilivyokuwa nikiutazama ule mlango. Ni kweli nilikuwa nautazama. Sikujua kama ameniona.

Na wewe ulijua. Ndiyo maana ukanisifia zizi.

Ubeti wa mwisho mgeni hakuusikia. Uandike. Alikuwa ananifichia hofu, na hofu yenyewe imeshakuja, imekaa kwenye kiti chake. Hakuna tena cha kunifichia.

Bibi

---

10 Juni

Mchumba wangu, kama bado nina cheo hicho,

Habari za lifti sikuzijua. Niliisoma barua yako nimesimama nyuma ya jukwaa, fundi wa taa akaja mbio akidhani nimepigwa na umeme.

Ulilolisema ni kweli, nilijua maana ya wimbo. Nilipoanza kuielewa lugha, babu alinikalisha chini akaniambia, "Bibi yako akikuuliza, unasema mapenzi." Nikaapa. Ahadi ya mtu aliye hai unaweza kumrudishia mkagombana. Ya marehemu utamrudishia nani? Ndiyo maana nilichelewa. Nilikuwa naanza barua, nafika pale kwenye kengele, kalamu inagoma.

Na kuna lingine. Tangu msiba sijausikiliza hata wimbo mmoja wa kwetu. Hapa kazini nasikia muziki siku nzima, lakini masikio ninayotumia ni ya kazi, ya kupima tu. Yale mengine niliyafunga. Barua yako ndiyo iliyonifanya niuweke wimbo wa kengele, na niliuweka nikiwa nimekaa sakafuni.

Huu hapa. Sikupunguza, sikuongeza:

*Nilifika mlango wa chini, gitaa mgongoni,*
*bawabu akasema: makelele tunayo ya kutosha.*
*Nilifika mlango wa juu, vumbi miguuni,*
*bawabu akasema: wewe ingia, hilo litupe.*
*Nikauliza soketi. Wakatazamana.*
*Hapa hakuna umeme, kaka. Kuna mwanga tu.*

Beti za katikati ni ubishi. Anawauliza mwanga bila waya unatoka wapi, wanamwambia aache maswali, anasema yeye ni fundi. Babu alipenda sana hapo. Kisha kengele inarudi, na mwimbaji anashusha sauti:

*Basi nimekaa njiani, kati ya milango miwili,*
*napiga bila umeme, kwa vidole vyangu tu.*
*Chini wamefungua dirisha, kidogo, wasionekane.*
*Juu wamefungua dirisha, kidogo, wasionekane.*
*Nawe unayekuja nyuma yangu, usiharakishe.*
*Utanijua kwa sauti.*

Ndiyo mwisho, Bibi. Nimeurudia na kuurudia, na kipimo cha Babu Mdogo sinacho. Mtu amekaa njiani, anamngoja anayekuja nyuma. Ukiniuliza kama babu alikudanganya, sasa sijui nikujibu nini.

Ila najua hili: mimi nyuma ya jukwaa nimeona wakubwa wa muziki wengi, wenye mabasi yao na watu wa kuwabebea maji. Sijamwona hata mmoja aliyeteremka kwenye shimo kwenda kuimbia watu watatu gizani, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao.

Mumeo mdogo, anayeomba msamaha

---

7 Julai

Mume wangu mdogo,

Cheo umerudishiwa. Tumeshaweka jiwe. Limekaa sawa, halikuegemea, na Babu Mdogo alihakikisha kwa pimamaji yake mwenyewe mbele za watu. Mama yako alilia vizuri. Magoti yangu yalisimama mpaka mwisho, nikayashukuru. Yule muuguzi alikuja pia, amevaa viatu vyake vya kimya.

Baadaye watu wakaja nyumbani, na Babu Mdogo akateremsha maboksi. Nikamwambia, "Shemeji, hata sokoni ulikuwa hukamati mzigo kabla ya kuupima. Kaa kwanza." Akakaa. Nikaitia santuri kwenye mashine kwa mkono wangu mwenyewe, mara ya kwanza maishani, na kengele ikalia. Nikasoma barua yako kwa sauti juu ya muziki, ubeti kwa ubeti. Kwenye soketi chumba kizima kilikufa kwa kicheko. Muuguzi ndiye aliyecheka zaidi, akafuta macho, akasema, "Ndivyo alivyoimba, ndivyo hasa," akawasimulia kisa cha lifti tangu mwanzo. Kwenye madirisha hakuna aliyecheka. Mama yako alinishika bega.

Babu Mdogo alikuwa akitazama zulia. Wimbo ulipokwisha akainuka, akaenda kwenye rafu, akaichomoa ile yenye fuvu na miwani. Akaniletea.

"Na hii inasema nini?"

Hiyo hukuniandikia habari zake, na lugha siijui. Nikalitazama lile fuvu, nalo likanitazama.

"Hii," nikamwambia, "inasema palikuwa na mtu ana mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa mkali, anapima kila kitu. Na yule mkubwa alimpenda kuliko alivyojua kusema."

"Shemeji, unadanganya."

"Nadanganya. Nilifundishwa na bingwa."

Nilidhani atakasirika. Akakaa kwenye kiti cha babu yako, ambacho tangu msiba hakuna aliyekikalia, akaiweka santuri juu ya magoti kama sahani ya chakula. Watu wakaanza kuongea mambo mengine, kwa heshima, ili tusisikike. Akaniambia polepole kwamba walipokuwa watoto walilala kitanda kimoja, naye aliogopa giza, na kaka yake alikuwa akimgongea ubao wa kitanda kwa vidole mpaka apate usingizi. Wakawa watu wazima, kaka akaingia kazi ya mashimo, na yeye kila alipozisikia nyimbo hizi akaona kama kaka yake anamchokoza mtu ambaye haifai kumchokoza.

"Si moto ninaouogopa, shemeji," akasema. "Motoni angalau ningejua aliko. Naogopa asije akawa hayuko popote."

Mume wangu mdogo, nimezika wazazi, nimezika mume, na hilo bado silijui. Nikamwambia kweli yangu: kwamba mimi nami niliogopa hivyohivyo, na nilikuwa nalala kwenye kiti cha cherehani nisije nikanyoosha mkono kitandani nikagusa shuka tupu. Nimerudi chumbani wiki iliyopita. Shuka ni tupu kweli. Lakini sasa asubuhi nikiamka, kitu cha kwanza kinachonijia ni yule mwanamume na tochi mdomoni, anaingia miguu kwanza mahali ambapo kila mtu mwenye akili alikuwa anataka kutoka, na najikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Miaka yote nilimpikia, nilimfulia, nilimnunia, na sikujua nimeolewa na mtu wa namna hiyo. Umri wangu huu, nimempenda mume wangu upya.

Babu Mdogo akasikiliza yote. Kisha akanipa santuri. "Weka," akasema.

Ile ya fuvu ni ya makelele hasa, nakwambia. Vikombe vilitetemeka. Majirani walitoka nje kutazama, nikafungua madirisha yote wasikie vizuri. Nikaenda jikoni kuongeza chai, na niliporudi nikamkuta Babu Mdogo amesogeza kiti mpaka sikio liko karibu na spika, macho amefumba, na mguu wake wa kulia unagonga sakafu. Aliponiona akauingiza chini ya kiti.

Maboksi amemwachia mama yako awekee viatu. Yeye mwenyewe bado yuko hapa, wageni wote wameshaondoka, na anadai hajui njia ya kwenda nyumbani kwake mpaka amalize rafu ya juu.

Nikuache hapo. Upande huu wa santuri umefika mwisho, sindano inateleza bure, na mkaguzi wa mizani ananiita nikaigeuze.

Mkeo mkubwa,
Bibi